Masta Silinda ya Mke wa Seremala

Kama kuna mtu Seremala humwombea dua kila anapomkumbuka, ni yule mama wa duka la spea aliyekataa kumuuzia. Siku yenyewe, lakini, hakumwombea dua yoyote. Alimnunia.

Mambo yalianza na breki. Pikapu yao ikisimama, pedeli iliendelea kuzama taratibu chini ya mguu wa mkewe mpaka ikagusa sakafu. Dereva alikuwa mke, kwa sababu macho ya Seremala yalishamtupa mkono. Barabara aliiona kama imefunikwa na chandarua. Yeye alitengeneza makabati na vitanda, mkewe akavipeleka kwa wateja, akishuka na kupanda ule mteremko mkali ulio mbele ya karakana. Mwaka uliotangulia mkewe huyo alivunjika nyonga. Alilala miezi mitano, akafanya mazoezi huku akilia na kutukana, mpaka akarudi kwenye usukani. Siku aliyoshika tena ufunguo alipiga honi tangu getini hadi barabara kuu, na majirani wakatoka nje kuuliza kuna nini.

Fundi wao wa magari alikuwa mdogo wa huyo mke. Alifungua boneti, akaichomoa masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki, akaitazama kwa huruma.

"Hii imekwisha, shemeji. Mipira ya ndani imelika. Nenda nayo dukani, waipime wakupe saizi yake."

Ushauri mzuri. Ila kitu chenyewe kilikuwa kinachuruzika mafuta, na Seremala alikuwa amevaa shati jeupe. Akakiacha juu ya benchi, akaondoka na kadi ya gari peke yake.

Mama wa spea, mwenye miwani puani na grisi kwenye kucha, aliisoma kadi, akaweka masta silinda mbili juu ya kaunta.

"Gari za mwaka huu wa kwenye kadi zilitoka na aina mbili. Bolti zilezile, umbo lilelile, tofauti ni upana wa tundu la ndani. Ya zamani iko wapi?"

"Nimeiacha nyumbani. Nipe hiyo kubwa, mama. Kubwa ndiyo itashika vizuri."

"Anayeendesha ni nani?"

"Mke wangu."

"Miguu yake mizima?"

Seremala aliona sasa anaingiliwa mpaka chumbani. "Mama, nimekuja kununua spea, sikuja kwa daktari."

"Basi kalete ya zamani. Bila kupima sikuuzii."

Na huyu ni mtu ambaye hakati ubao kabla ya kuupima mara mbili, na akiona mwenzake anakata kwa kukisia humsema wiki nzima! Alivuka barabara kwa hasira akaingia duka la pili. Huko hakuulizwa kitu, akauziwa ile kubwa.

Jioni hiyo shemeji aliifunga, akatoa upepo kwenye breki. "Pedeli ngumu kidogo," alisema, "labda italegea."

Mkewe akaliwasha gari ajaribu pale uani. Alikwenda hatua chache, akakanyaga breki, gari likapitiliza, likagonga kabati la milango mitatu lililokuwa likimsubiri mwenyewe. Ikabaki milango miwili. Shukrani kwa Mungu, hakuumia mtu.

Shemeji akaruka kwenye kiti, akajaribu yeye. Gari likasimama papo hapo. Hilo ndilo lililommaliza dada yake.

"Ni mguu," alisema, akamkabidhi mumewe ufunguo. "Nimekanyaga kwa nguvu zangu zote. Tafuta dereva."

Seremala alikumbuka lile swali la dukani, akainama kuokota vipande vya mlango. Kulipokucha alikwenda kwa mama wa spea na ya zamani ndani ya kopo. Mama akaifuta, akaingiza kipimo chake cha chuma kwenye tundu.

"Milimita ishirini na mbili. Umefunga ipi?"

"Ya ishirini na tano. Na mke wangu aliwahi kuvunjika nyonga."

Hakumcheka. "Kubwa inafanya pedeli iwe fupi na ngumu. Inataka mguu wenye nguvu. Mwenye nyonga mbovu atasukuma mpaka jasho limtoke na gari linakwenda tu. Hii ndogo itashuka zaidi kidogo, ila itamtii."

Seremala alimshukuru, akamshukuru tena, mpaka mama akamwambia apishe wateja wengine.

Njiani, na ile ndogo mkononi, alishikwa na wazo la hovyo: aifunge kimyakimya, aseme mguu ulihitaji kupumzika tu. Nani angejua? Akafika nyumbani, akamkuta mkewe anatia viatu vyake vya kuendeshea kwenye mfuko wa vitu vya kugawa. Wazo likafa palepale.

"Mke wangu, si mguu wako. Ni mimi. Niliambiwa nipime, sikupima. Nimenunua kwa macho, tena macho yenyewe haya."

"Umejua lini?"

"Kwa hakika, leo. Jana nilishuku, nikaona aibu kusema. Nisamehe."

Mkewe akavitoa viatu mfukoni.

Mchana shemeji alipomaliza kufunga ile ndogo, dada yake aliliendesha gari mwenyewe hadi juu ya mteremko, akashuka nalo. Seremala alisimama chini, akiona rangi ya gari tu, ikikaribia, ikipunguza mwendo, ikisimama kwa utulivu mbele yake. Hakuna mlango uliofunguka. Akapapasa mpaka dirishani, akamkuta mkewe bado amekanyaga breki, machozi yanamtiririka.

"Vipi, mama? Bado ngumu?"

"Hapana." Alimshika mkono. "Asante kwa kuniambia. Jana usiku nilishaanza kuuaga mguu wangu."