Udongo wa Pangoni

Dada yangu Ndunge alinipigia simu: watu wa kokoto wamepaka rangi nyekundu kwenye kilima nyuma ya nyumba yake, Kalamba. Mwezi ujao wanalipua mawe, na nyumba inaenda pamoja na kilima.

"Umezurura kote, Kitonga. Hukupata hata mtu mmoja wa kutusaidia?"

Nilikuwa naye. Mutanu, msichana anayechunguza mambo ya kale, niliyembebea maji akichimba huko Tseikuru. Aliwahi kuniambia mahali pakithibitishwa kwamba watu wa zamani waliishi hapo, baruti haziruhusiwi. Nikakumbuka pango letu la kilima hicho hicho, nikamwita.

Mutanu akaja na brashi na chekecheke. Nikampa mkebe wangu wa mawe meusi yanayong'aa kama chupa, yale nimeokota tangu utotoni. Akatabasamu.

"Hivi ni visu vya wawindaji, mzee. Sasa nionyeshe udongo. Chini kabisa nitapata mifupa ya swara. Juu yake, mifupa ya mbuzi na vigae vya vyungu. Pale katikati ndipo watu waliacha kuwinda wakaanza kufuga. Nikiona hiyo mistari ya udongo, naandika ripoti wiki hii."

Tukapanda. Ndani ya pango, mwamba mtupu.

"Udongo uko wapi?" Mutanu akauliza.

Ndunge akacheka kwa fahari. "Si ndiyo mbolea yetu! Mbuzi wamelala hapa tangu enzi za mama. Huyu akirudi kutoka safari zake, nampa jembe. Samadi ikiisha, anachimba lile jivu la chini. Mahindi yanalipenda sana!"

Mutanu akaketi. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

"Mlichimba mpaka wapi?"

"Mpaka kwa mwamba," nikasema. "Nilikuwa na nguvu."

"Na yale mawe ya mkebe?" Ndunge akauliza.

"Ni ya kweli, mama. Lakini yalilala pamoja na nini? Bila udongo wake, hao wa kokoto watasema yameokotwa barabarani."

Na mengine, kusema ukweli, niliyaokota mbali, Kathonzweni.

Tulichekecha udongo wa shamba mpaka jioni. Jino la mbuzi, kigae, mfupa ulioungua, kifuniko cha soda, vyote vimekorogana. Ni mimi nilivikoroga, msimu baada ya msimu. Mutanu akafunga brashi zake bila kuandika kitu.

Mashine zilifika Jumatatu ya kwanza ya mwezi. Ndunge akafungulia mbuzi wake saba, akanitazama.

"Wewe ndiye unajua njia. Tuwapeleke wapi?"

Nilishika kamba ya beberu. Sikuwa na pa kumpeleka.