Injini Isiyotetemeka

Mshale ulipita elfu sita, na baba yake hakubadili gia.

Binti alikuwa ameketi pembeni yake, macho yake yote kwenye saa ya mizunguko. Injini hiyo aliisuka upya yeye mwenyewe, bolti kwa bolti, kwa hiyo alijua fika kwamba gia ya pili inatakiwa kuiachia ya tatu kwenye elfu sita. Alijua pia kwamba ule mstari mwekundu wa elfu saba haukuchorwa kwa urembo. Ukiuvuka, valvu hazipati nafasi ya kufunga. Zinakutana na pistoni huko ndani, na baada ya hapo unarudi nyumbani kwa kuvutwa.

"Baba, badili!"

Mzee hakupepesa hata jicho. Kulia kwao ukuta wa mawe ulikuwa unapita kwa kasi, kushoto palikuwa na bonde, na mbele kona ilikuwa inakuja mbiombio.

"Badili gia! Baba!"

Mshale ukagusa wekundu. Binti hakusubiri kuambiwa. Alinyoosha mkono, akaurudisha ufunguo nyuma kidogo tu, asije akafunga usukani, injini ikazima. Gari la watu wawili, zee kuliko yeye mwenyewe, liliyumba, likaparuza changarawe za kando ya barabara, likasimama.

Mzee alimgeukia amefura. "Una wazimu? Unazima gari likiwa mwendoni?"

"Nimekuita mara mbili!"

"Hukuniita."

"Nimepiga kelele mpaka koo linaniuma, baba."

Mzee alitazama pembeni. Aliupapasa mkono wa gia kama mtu anayetafuta kitu mfukoni. "Hili gari umeliharibu," alisema. "Halitetemeki."

Maneno hayo yalimkata binti maini. Halitetemeki! Kwani kazi yote ile alikuwa anaifanya kwa ajili ya nini? Alibadili kemshafti, ule mhimili unaofungua valvu, akaweka kabureta mbili mahali pa ile moja iliyochoka, akatengeneza bomba jipya la moshi. Halafu, kwa sababu yeye si mtu wa kulipua kazi, aliitoa krenki, mhimili mkuu wa injini, akaipeleka ikapimwe na kusawazishwa mpaka ikawa inazunguka kama maji. Injini akaikalisha juu ya raba mpya, laini. Ungeweza kuweka kikombe cha chai juu yake ikiwa inanguruma na usimwage tone. Fundi gani analalamikia hilo?

Tena fundi mwenyewe si wa kubahatisha. Kila aliyewahi kushika spana katika mji ule alimjua baba yake kwa jina la Sikio. Katika ujana wake alishindana miaka nenda miaka rudi bila kuitazama saa ya mizunguko. Alibadili gia kwa kuisikiliza injini tu, na hakuna aliyemwona akikosea. Gari lilikuwa halijafika vizuri getini, naye alishakutajia silinda gani ina matatizo. Wateja walikuwa wakimleta hata jirani aje ajionee. Sasa mtu kama huyo anataka mtetemo wa nini?

Binti alishuka kukagua kama valvu zimepona. Alifungua boneti, likainuka na kumkinga uso.

"Washa," alisema.

Injini haikuwaka.

"Washa, baba."

Alichungulia pembeni ya boneti. Mzee alikuwa ameketi mikono kwenye usukani, akilitazama boneti kwa utulivu, anasubiri. Binti aliinua mkono tu, na papo hapo injini ikawaka. Aliinama akasikiliza. Hapakuwa na kugonga wala kukwaruza. Walikuwa wameponea chupuchupu. Lakini sasa alikuwa na shaka ya jambo jingine. Alijificha tena nyuma ya boneti, akapaza sauti juu ya ngurumo ya injini.

"Baba, toka! Gari linaungua!"

Alichungulia. Mzee alikuwa anafuta vumbi kwenye kioo cha mbele kwa mkono wa shati lake.

Binti alishikilia ukingo wa gari. Mambo ya nyumbani yalianza kumjia moja baada ya jingine. Mama hakuwa anaanza kuongea na baba kabla ya kumgusa bega. Mezani alikuwa anakaa upande wa pili, uso kwa uso, na akitaniwa kwamba wanatazamana kama wachumba wapya, anacheka tu. Binti alidhani ni mapenzi. Na kweli yalikuwa mapenzi.

Alienda dirishani, akaingiza mkono akazima injini, akahakikisha mzee anauona mdomo wake.

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Tangu lini husikii?"

Mzee alitaka kukataa. Ilionekana alivyovuta pumzi ya kuanzia ubishi. Halafu akaiachia. "Sauti nene zinanifikia kidogo. Nyembamba zilishakwenda, miaka sasa. Mama yako ndiye aliyenifundisha kusoma midomo."

"Na wateja? Wanaokuletea magari uyasikilize?"

Mzee aliinua kiganja chake cha kulia, kile chenye ngozi ngumu, akamwonyesha. "Naweka hiki juu ya injini. Nainamisha kichwa kidogo, wanafurahi." Akakiweka kiganja hicho hicho juu ya mkono wa gia. "Na hapa. Ikifika elfu sita, hapa palikuwa panawasha. Ndiyo nabadili. Leo nimesubiri paanze kuwasha, mwanangu. Hapakuwasha."

Binti alijisikia vibaya kuliko siku yoyote ya maisha yake. Miezi yote ile alikuwa gereji anahangaika ili baba ashindane kupanda mlima akiwa na injini safi, na kumbe kwa mikono yake mwenyewe alikuwa anamnyang'anya kitu pekee kilichombakia. Angemlaumu nani? Kazi ilikuwa nzuri, na ubaya wake ulikuwa huo huo.

"Basi leo hupandi," alisema.

"Napanda. Nitaangalia saa."

"Kwenye kona ya tatu? Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba pale ukiinamisha macho umekwisha."

 Mlima wenyewe ulikuwa pale juu, na mchana ule ule magari ya zamani yangeshindana kuupanda, kila moja na dereva na abiria mmoja. Mzee alimshika binti yake kifundo cha mkono. "Ukiwaambia wale wenzangu, umenizika nikiwa hai. Nitabaki Sikio gani?"

Binti alichomoa ufunguo, akautia ndani ya ngumi. Hakuahidi lolote. Walibadilishana viti bila kuulizana, akaendesha hadi mstari wa kuanzia taratibu kama anayebeba mayai.

Walipowasili, wazee wenzake walimlaki kwa makofi. "Sikio! Sikio kaja!" Mzee alishuka, akapunga mkono, akatabasamu kwa kila mdomo aliouona ukifunguka. Msimamizi, mtu mnene mwenye kizibao cha kung'aa, alikuja kutoka nyuma yake.

"Gari hili dereva nani?"

Mzee alikuwa amempa mgongo. Hakugeuka.

"Sikio! Nauliza, dereva nani?"

Watu wakacheka. "Anaringa huyo!" mmoja alisema. "Injini mpya imempanda kichwani." Binti alicheka nao kinafiki. Akisema kweli, baba yake anakwisha mbele ya rafiki zake. Akinyamaza, baba yake anakwisha kwenye kona ya tatu. Mzee aliona nyuso zote zimegeukia upande mmoja, naye akageuka. Akaelewa kinachosubiriwa. Alimnyooshea binti kiganja, apewe ufunguo.

 Binti alimgeukia baba, si msimamizi, ili amwone mdomo vizuri.

"Naendesha mimi."

Vicheko vilikatika. Gari lile lilikuwa halijawahi kushindana chini ya mikono ya mtu mwingine. Kila mtu pale alilijua hilo. Kiganja cha mzee kilibaki hewani, na binti alijihisi kama aliyempiga baba yake kibao hadharani. Kama angebisha sasa, angelazimika kutoa sababu, na sababu ilikuwa moja tu.

Mzee alishusha mkono.

"Injini kaisuka yeye," aliwaambia wenzake. "Aipandishe yeye." Akazunguka, akaingia upande wa abiria, akaubamiza mlango.

Walisogea hadi kwenye mstari. Mzee alitazama mbele tu. Mbele ya gari mtu wa bendera alisimama, miguu ameitanua. Binti alikanyaga klachi, akaingiza gia ya kwanza, akapandisha mizunguko hadi elfu nne, akaishikilia hapo. Injini haikutetemeka hata kidogo. Mzee alipeleka kiganja kwenye dashibodi, akakibandika, akasubiri. Akakiondoa.

Akamgeukia.

"Inaliaje?" aliuliza.

Bendera ilikuwa imeinuliwa. Binti aliyaondoa macho barabarani, akamtazama baba yake.

"Chini ni nene, kama wewe ukikasirika," alisema polepole. "Halafu inanyooka, inapanda, haikatiki mahali popote. Haikwaruzi. Baba, sijawahi kusikia injini nzuri kama hii. Nilitaka uisikie."

Mzee aliufuata mdomo wake mpaka neno la mwisho. Macho yalikuwa yamemjaa machozi, naye hakuyafuta.

"Sema tena," alisema.

Bendera ilishuka. Nyuma yao watu walianza kupiga kelele, nenda, nenda, unangoja nini, na mtu wa bendera akaipunga mara ya pili na ya tatu. Binti aliishikilia injini pale pale kwenye elfu nne, akamtazama baba yake usoni, na akarudia yote tangu mwanzo.