Vidole Kwanza

Tulimkuta Mama amekaa sakafuni, mgongo umeegemea kabati la jikoni, sukari imemmwagikia mpaka mapajani. Alikuwa anacheka. "Msinikodolee macho," alisema, "nimepumzika tu." Lakini kifuniko cha kopo alikuwa bado amekikumbatia, na mimi ninayemjua niliona wazi kwamba ameogopa.

Alikuwa amerudi nyuma hatua moja kutoka kabatini, basi. Kisigino kikateleza, akaenda chini. Mfupa haukuvunjika, ila kuanzia siku ile Mama hakuwa tena na kauli nyumbani kwake.

Kaka yangu ni msimamizi wa bohari, na hata mezani huongea kama yuko kwenye kikao. Alikuja, akasimama katikati ya sebule, akatoa uamuzi: Mama akianguka tena, nyumba inafungwa, anahamia kwake. Akauchomoa ufunguo wa mlango wa mbele kwenye msumari wake, akautia mfukoni.

"Haya, Bwana Mkubwa," Mama alisema. Kaka alipoondoka akanigeukia. "Mwanangu, baba yenu ameniachia nyumba hii. Mimi si gunia la bohari, nihamishwe wanapotaka."

Basi tukamlinda, mimi na mke wa kaka, kwa zamu. Tulikunja mazulia. Chai alipelekewa, maji alipelekewa, na akitaka kwenda chooni nilimkamata kiwiko kama mgambo aliyemkamata mwizi. Kiti cha dirishani tukakiita kiti cha enzi, yeye mwenyewe akicheka. Haikuchukua muda, malkia wetu akawa hawezi kuinuka bila kuvutwa. Jamani, tulimpenda mpaka miguu yake ikasahau kazi.

Kwenye zahanati, binti wa mazoezi ya viungo alitutazama tukiingia. Alikuwa na sauti ya mnadani.

"Dada, mwachie kiwiko."

"Ataanguka!"

"Ukimshika hivyo anakuegemea wewe. Miguu yake ina kazi gani?" Akamgeukia Mama. "Kila Alhamisi asubuhi wazee wanacheza dansi hapo ukumbini. Ni dawa ya kuanguka. Njoo, mama."

Uso wa Mama ulifunga kama duka. Nilijua kwa nini. Yeye na Baba walicheza dansi kila mwisho wa wiki, tangu uchumba mpaka Baba alipoanza kuugua, na tangu tulipomzika, Mama alizima redio kila muziki wa aina ile ulipoanza. Lakini Alhamisi ilipofika nilimkuta amevaa viatu, anangoja mlangoni. "Usiseme kitu," aliniambia. "Nautaka ufunguo wangu."

Ukumbini mabenchi yalikuwa yamesukumwa ukutani na redio imewekwa dirishani. Kina mama walijaa tele. Wanaume walikuwa watatu, na mmoja wao amelala. Yule binti akamshika Mama mkono.

"Wewe utaongoza."

"Mimi? Mimi maisha yangu yote nimecheza kinyumenyume. Mume wangu ndiye aliyeona njia."

"Kumbe! Hawa wenzako wengi wanaanguka wakirudi nyuma. Hebu tuonyeshe ulivyokuwa unafanya."

Mama akainama kuangalia viatu vyake, kwa muda mrefu hivi mpaka nikataka kwenda kumshika. Kisha mguu mmoja ukateleza nyuma, polepole, ukigusa saruji kwanza kwa ncha.

"Vidole kwanza," alisema. "Vidole vinaionja sakafu, ndipo kisigino kinashuka, ndipo mwili unafuata." Akarudia kwa mguu wa pili. "Siku ile jikoni nilitanguliza kisigino. Nilikuwa nimesahau." Akainua mikono kama aliyeshikwa na Baba. "Yeye alinishika tu. Miguu ilikuwa yangu."

Alilia njia nzima ya kurudi, na alitembea njia nzima bila kunishika.

Kaka alipopata habari alikuja mbio, hata viatu hakuvua. "Mtu anaanguka, nyinyi mnampeleka dansi? Mna akili kweli?"

Mama akainuka kwenye kiti cha enzi, peke yake. Akaenda kuwasha redio, akamwendea mwanawe, akamshika mkono na bega. "Rudi nyuma."

"Mama, acha utani."

"Nimesema rudi."

Akamsukuma. Bwana Mkubwa na kitambi chake akatanguliza kisigino, akapepesuka, mikono ikatafuta pa kushika ikakuta hewa. Mama alimdaka, yeye mwenyewe hakuyumba. "Vidole kwanza, baba," alimwambia kwa upole. Mimi nilicheka mpaka nikaanguka kwenye kiti cha enzi.

Kaka hakucheka. Alibaki amemshikilia mama yake, anahema, hata baada ya muziki kwisha. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akaenda kuutundika ufunguo kwenye msumari wake.

Mama aliishi mle miaka mingi. Alifariki kitandani kwake, asubuhi moja tulivu, viatu vya Alhamisi vikiwa chini ya kitanda. Hakuanguka tena.

Siku ya kuhamisha vyombo, tulilibeba kabati la jikoni mimi na kaka. Lilikuwa zito, na aliyetangulia kutoka kinyumenyume ni yeye, tayari ana mvi kichwa kizima. Kwenye ngazi za mlango wa mbele akasimama.

"Unaona unapokwenda?" nilimuuliza.

"Sioni kitu."

Nilitaka kumwambia tulitue, tupumzike. Lakini nilimsikia ananong'ona, si kwangu, "Vidole kwanza." Mguu wake ukapapasa nyuma, ukaigusa ngazi, kisigino kikashuka. Machozi yalikuwa yanamtiririka na mikono yote miwili imeshika kabati.

Nikamfuata.