Miguu ya Mpira ya Feni

Tangu asubuhi jina la Mzee Tuyển lilikuwa jekundu kwenye kioo cha kompyuta, na kufikia saa sita mchana Đoan, karani wa oda kiwandani, hakuweza tena kujifanya halioni. Karakana nyingine ishirini na sita zilizokiuzia vipuri kiwanda chao cha feni zilikuwa zimeshaitikia oda za wiki kupitia mfumo mpya wa mtandaoni. Mzee huyo peke yake, mtengenezaji wa miguu ya mpira ya kusimamishia feni, alikuwa kimya. Oda mbili zilikwishampita. Ya tatu ikimpita, mfumo ungemwondoa na kazi yake kupewa mwingine.

Kwa miaka kumi na minne Đoan ndiye aliyekuwa akiwapigia simu wote hao. Sasa meneja alikuwa amemkataza: anayetaka kuuza na ajisomee mwenyewe. Basi hakupiga simu. Alipanda pikipiki yake, akaenda.

Alimkuta mzee akila wali na mboga kando ya mashine ya kukandamizia mpira, ambayo ilikuwa ingali ya moto. Alikaribishwa bakuli, ila uso wa mwenyeji ulikuwa umekunjamana. Majuma mawili simu yake haijalia, alisema. Alidhani kiwanda kimemchoka.

"Haitalia tena, mzee wangu," Đoan alimwambia. "Hebu nipe nikuonyeshe."

Akamfungulia ukurasa. Miguu iliyobaki stoo, inayotumika kwa siku, siku itakayokwisha: yote yalikuwa wazi. Mzee aliishika simu mbali na macho, akasoma polepole. Kisha kidole chake kikaendelea kushuka, hadi kwenye kumbukumbu za mwaka uliopita, ambazo mafundi wa mfumo walizipakia bila kufikiria nani atazisoma.

"Mwezi wa tatu, tarehe tisa," alisema. "Siku hii uliniambia kazi kiwandani itasimama nisipoleta mzigo kesho yake."

Đoan aliikumbuka. Mzee alikuwa na karamu ya kumbukumbu ya marehemu baba yake. Aliwaacha wageni mkekani, akaja kuwasha mashine.

"Mlikuwa na miguu elfu arobaini stoo, mwanangu."

Đoan aliweka vijiti vya kulia chini. Angeweza kusema tarakimu zimekosewa. Wauzaji wengi walikuwa wakichelewa, naye alijizoeza kumpunguzia kila mmoja siku, akisema kesho pale alipomaanisha wiki ijayo. Ndivyo kazi ilivyokwenda, na ndivyo alivyopata sifa. Lakini huyu hakuwahi kuchelewa hata mara moja.

"Nilikudanganya," alisema. "Na si siku hiyo tu."

Mzee alibonyeza palipoandikwa kukubali, akachagua Ijumaa, siku ambayo mzigo ungehitajika kweli, wala si mapema zaidi. Halafu akammiminia mgeni chai, kama kawaida yake, ila safari hii hakumtazama.

"Na wenzangu, wameshayaona haya?"

"Bado. Wanakubali oda tu, hawashuki mpaka chini."

"Watashuka."

Đoan alipotoka, mapumziko ya mchana yalikuwa yamebakiza dakika kumi, na kiwanda kilikuwa upande wa kulia. Alikunja kushoto, akafuata barabara ya mfereji kuelekea kwa Mama Liễu, msukaji wa nyavu za waya za feni, huku akitafuta maneno ya kuanzia kabla naye hajashuka mpaka chini.