Nyota Ishirini na Moja za Zuleica

Nakutegea, nawe usiwe na haraka. Yuko mbali ambako hata ndege ya Pemba haifiki. Hujamshika mkono, hujampikia, lakini joto lake unalijua, na kilichomo tumboni mwake unakijua. Nani huyo? Umeshindwa? Basi toa mji. Ila usinipe Mocímboa, huo wenyewe wamerudi kutoka ukimbizini.

Ni nyota. Kitendawili hicho alikileta nyumbani Mocímboa Zuleica binti Sualehe, alipotoka Maputo anakosomea mestrado, shahada ya pili, ya mambo ya nyota. Shangazi yake Zainabo, msusi wa mikeka, alimwambia huo ni uchawi au ni uongo, achague kimoja. Zuleica akacheka, akamweleza. Mwanga wa nyota huchanwa kwa chombo, kama jani la ukindu linavyochanwa, ukatoka mstari mrefu wa rangi wenye mikato myeusi. Mikato hiyo ndiyo inayosema nyota ina joto gani na ndani yake mna chuma kiasi gani. Lakini haisemi kitu mpaka uwe na cha kulinganishia. Kwa hiyo wataalamu wa ng'ambo wamepiga hesabu za nyota za kubuni, maelfu, wakazipanga kwenye jedwali: hii ya digrii elfu tano na mia tano, hii ya elfu tano mia saba na hamsini, hii ya elfu sita, hivyo hivyo. Wewe unachukua nyota yako, unatazama inafanana na ipi.

"Kumbe mna vielelezo," shangazi akasema. "Ungeanzia hapo, tusingegombana."

Shida ya Zuleica ilikuwa hii: nyota zake ishirini na moja alizopewa kupima, zikikaribia ile ya elfu tano mia saba na hamsini, zinaruka. Nyingine zinashuka, nyingine zinapanda, kama watu wanaokwepa kiti kilichomwagikiwa mchuzi. Mwalimu wake, doutor Celso, alimtumia ujumbe wa sauti kwenye simu, bila ukali. "Zuleica, kosa liko wapi? Kwenye nyota, kwako, au kwingine? Ijumaa nakupigia. Bila jibu siwezi kukupeleka mbele ya juri ya watahini, itabidi urudie mwaka."

Wiki mbili nzima Zuleica akajikagua yeye. Akapima upya, akafuta, akapima tena. Jedwali hakuthubutu kulishuku. Linatumiwa na dunia nzima, naye ni nani, mtoto aliyemalizia sekondari ukimbizini?

Alhamisi asubuhi muuguzi Joana, aliyehamishiwa hospitali kutoka Beira, akarudisha mkeka. Ulikuwa wa pili kuurudisha.

"Dada Zainabo, usinikasirikie. Zambarau niliyochagua si hii. Hii imepauka."

Alipoondoka, shangazi akatoa fungu lake la vielelezo: chane kumi na mbili za ukindu, kila moja imechovywa sufuriani mara moja zaidi ya mwenzake. Joana alichagua ya saba, na shangazi alichovya mara saba, bila kukosa.

"Mkono wangu umezeeka," akasema.

"Au rangi ya duka, shangazi."

"Rangi nimebadilisha. Sufuria nimebadilisha. Bado macho tu, na hayo siyaoni dukani." Akaichomoa ile ya saba. "Haya. Mtu ukimshuku, mtoe nje uwaulize majirani."

Akalaza ya sita na ya nane ubavu kwa ubavu. Ya saba ilipaswa kukaa katikati yao. Alipoirudisha, ilikuwa imeiva kuliko ya nane. Shangazi akaigeuza kwenye jua, akaanza kucheka peke yake.

"Hii niliitia rangi Pemba, ile ya kwanza ilipotea tulipokimbia. Nimechovya mara saba, ndiyo, lakini kwa maji ya kule. Na miaka yote hii nausingizia mkono."

"Na hukuijaribu?"

"Kielelezo nani anakijaribu, we mtoto?"

Zuleica aliacha ungo wa mchele pale pale, akafungua komputadori. Akaitoa nyota ya kubuni ya elfu tano mia saba na hamsini, akatengeneza nyingine kutoka kwa majirani zake wawili. Hazikufanana. Kwa kuogopa kuonea, akazifanyia hivyo hivyo nyingine arobaini, na zote zilikubaliana na majirani zao. Moja tu ilikuwa na mikato ya chuma iliyozidi, kana kwamba aliyeipigia hesabu alichota kisima kingine. Akaiweka pembeni, akalinganisha upya. Nyota kumi na tisa zikakaa. Mbili zikabaki na ukaidi wao, hizo aliziandika kama zilivyo.

Ijumaa, watu wakitoka msikitini, simu ikalia.

"Zuleica, nilikuuliza swali," akasema doutor Celso.

Zuleica akaanza, "Samahani, doutor, sina hakika kama mimi..."

Shangazi, mikono yake zambarau hadi kwenye viwiko, akamtupia jicho. "Samahani ya nini? Umeiba? Mjibu mtu."

Zuleica akavuta pumzi.

"Kosa haliko kwenye nyota, doutor, wala haliko kwangu," akasema. "Liko kwenye jedwali, na nitakuonyesha ni wapi."