Ndege Juu ya Kofia Yangu

Masikio yangu yanakufa, na mimi ninakula kwa masikio. Kazi yangu ni kuwatembeza wageni kwenye msitu ulio juu ya kijiji chetu, hapa milima ya Usambara, kuwaonyesha ndege, na ndege wa msituni unamsikia kwanza ndipo unamwona. Sauti nene bado ninazo. Hondohondo akipiga kelele namsikia, tetere namsikia. Nyembamba ndizo zinaondoka. Leo asubuhi wageni wametaka ndege mmoja mdogo wa kijani, hazidi kidole gumba, sauti yake kama sindano, hana jina la Kiswahili ninalolijua. Nimesimama, nimetega sikio, nimewaambia ameshaondoka, twendeni. Kumbe anaimba juu ya kofia yangu. Singano, mtembezaji mwenzangu, ndiye aliyemnyooshea kidole, akanitania mbele yao: Kaka, unaitwa hapo juu, itika basi. Nimecheka naye. Moyoni sikucheka.

Sasa ni mchana, mvua inapiga bati, nimejilaza mkekani, na mke wangu, Mama Hoza, yuko mlangoni anachambua maharage. Anasema, nimekuambia uende hospitali wakakuangalie hayo masikio. Nasema, nimesikia. Anasema, umesikia, umesikia, wewe unasikia ndege tu, na hao nao wameanza kukukimbia. Nasema, nimesikia, mama. Maharage yanadondoka kwenye sufuria, halafu anasema kwa sauti ya chini, Baba Hoza, kuna jambo nataka nikuambie, siku nyingi nalibeba, ni kwamba, na hapohapo usingizi unanichukua, katikati ya maneno yake, kama mtu anayeteleza kwenye tope.

Nateleza, na ninaposimama niko kwenye njia ya msituni, ile ninayopita kila siku, ila leo haipandi wala haishuki, inazunguka tu, na kila kona nakuta kofia yangu imetundikwa kwenye tawi, naichukua, naivaa, napiga kona, nakuta nyingine, na ni hiyohiyo. Mbele yangu anatembea mtu aliyevaa koti langu la kijani, darubini inaning'inia kifuani, namwita, anageuka, na pale penye uso hapana kitu, ni ngozi tupu kama goti. Wewe nani, namuuliza. Mimi ndiye unayemfuata, anasema. Unanipeleka wapi? Kule unakotoka. Namwambia, bwana, mimi nimeishia darasa la tano, sema maneno ya kawaida. Anasema, haya ndiyo ya kawaida, na njia inafunguka yenyewe, tunatokea kwenye mji ulio ukingoni mwa bwawa, nyumba za bati, msikiti mdogo, mashine ya kusaga, na chini yake majini mji huohuo umepinduka. Ndege wamejaa kwenye mapaa, chozi, chiriku, kurumbiza, wote wamefungua midomo, koo zinatetemeka, naona kabisa kwamba wanaimba, na sisikii kitu. Napita chini yao mtaa kwa mtaa, mtaa unarudi ulikotoka, na yule mdogo wa kijani yuko juu ya kila paa, ananitazama.

Natumbukiza mguu bwawani, maji hayalowanishi, nashtukia nimesimama kwenye mji wa chini, na huko nasikia. Nasikia wote. Yule wa kijani anaimba, ile sindano inaingia sikioni mpaka machozi yananitoka, miaka sijamsikia hivi, nakaa chini katikati ya barabara kama mlevi. Mwanamke anauza ndizi hapo kando, namsalimia, midomo yake inacheza, haitoki sauti, nadhani ana dharau, naachana naye. Namwambia yule asiye na uso, nataka nirudi nyumbani na sauti hii ya ndege. Anasema, utatoa sauti moja. Ipi? Ile unayoisikia sana na kuisikiliza kidogo. Nacheka. Hilo si fumbo hata kidogo, naijua, ni mashine ya kusaga iliyo nyuma ya nyumba yetu, inayonguruma tangu asubuhi mpaka kichwa kinaniuma. Chukua, namwambia, chukua leo hii. Una hakika? Nimeshasema, mbona unanichelewesha. Ananivua kofia, anaivaa yeye, na barabara inajikunja chini yangu kama mkeka.

Naamka. Mvua imekatika. Nje ya dirisha, kwenye mparachichi, yule mdogo wa kijani anaimba, ambaye haji kijijini hata siku moja, na namsikia, kila sindano moja moja. Nataka kupiga kelele kwa furaha. Halafu nyuma ya nyumba mashine ya kusaga inaanza kunguruma, kama kawaida yake. Nageuka. Mama Hoza ameacha maharage, amekaa karibu yangu mkekani, ameshika mkono wangu, anazungumza. Midomo yake inacheza. Anazungumza taratibu, muda mrefu, macho yake yamelowa. Naona kabisa kwamba anasema. Anapomaliza ananitazama usoni, anangoja, na mdomo wangu unajibu wenyewe, nimesikia. Anaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyetuliwa mzigo, anarudi kwenye maharage yake. Maharage nayasikia yakidondoka.

Kofia yangu haipo kwenye msumari wake. Labda nimeiacha msituni asubuhi. Labda bado niko mji wa chini, na nikilala tena nitatokea juu. Nafumba macho, nafumbua, ni mlango uleule, ni sufuria ileile, na ndege bado anaimba.

Basi nahesabu. Nimepata ndege mmoja wa kijani. Nimetoa kuitwa kula. Nimetoa kugombezwa kwa viatu vya tope. Nimetoa kicheko chake na kikohozi chake cha alfajiri. Nimetoa lile Baba Hoza la mdomoni mwake, vile anavyolivuta mwishoni akiwa na hasira na vile anavyolikata akiwa hana. Nimetoa lile jambo alilolibeba siku nyingi, ambalo nimemwambia nimelisikia.