Soko la Sababu

Ndugu msomaji, mimi si mtu wa kulala mchana. Yeyote anayenijua hapa Iramba atakwambia kwamba Msengi Kitundu, hata atoke shambani kuvuna mtama akiwa hoi, hukaa wima kwenye kigoda mpaka jua lizame. Si kwamba nina nguvu kuliko wenzangu. Ni kwamba cheti changu cha kuachishwa jeshi, kilichopigwa chapa kwa wino mweusi usiofifia, kinasema hivi: “Sababu ya kuachishwa: alilala akiwa zamu.” Na mimi nilikuwa mpiga buruji, ile tarumbeta fupi inayowaamsha askari alfajiri. Mpiga buruji aliyepitiwa na usingizi ni kichekesho kisichohitaji kutiwa chumvi. Watoto wa hapa kijijini huniita Mzee Lala Salama, na baba zao, walioniita hivyo kabla yao, hujifanya kuwakemea. Kwa hiyo nimekesha mchana kwa zaidi ya miaka arobaini, na hakuna aliyenipa nishani kwa hilo.

Siku ninayoisimulia nilirudi kutoka mjini nikiwa nimevurugika. Wilaya inajenga ukuta wa kuandika majina ya waliopigana vita vile vya mpakani, na mtu aliyeachishwa kwa kosa jina lake haliwekwi. Nilikwenda ofisini kuomba sababu yangu ibadilishwe. Binti wa dirishani, mpole wa kauli, alinipa fomu na kunieleza kwamba mwisho wa kuirudisha ni kesho yake saa sita mchana. “Babu, hapa juu unaandika sababu iliyomo kwenye cheti,” alisema, “na hapa chini unaandika ile ya kweli.” Nikabaki nimeishika fomu mfano wa mtu aliyepewa mtoto asiye wake. Nje nilimkuta Leonsi, mpiga chapa anayewaandikia watu barua, naye ni jirani yangu. Aliisoma akacheka. “Mzee wangu, usijitese bure. Andika afya. Wote wanaandika afya. Nani atakwenda kumpima mgonjwa wa mwaka sabini na tisa?” Akaahidi kupita kwangu jioni na mashine yake tuimalize.

Nilifika nyumbani kichwa kinagonga. Mke wangu, Mama Kingu, alinitengea ugali na mlenda, nikashindwa kula. Alitandika mkeka kwenye kivuli cha ukuta wa nyumba, nikajinyoosha kidogo tu, nikijiambia ni mgongo unaopumzika, macho yataendelea na kazi. Lililonichoma ni jambo ambalo sikumwambia Leonsi, wala yule binti, wala Mama Kingu mwenyewe katika ndoa yetu yote: asubuhi ile sikulala. Kati ya watu mia na kumi na wawili wa kombania yetu, mimi ndiye niliyekuwa macho. Na ile kweli, nikiiandika, ni kosa kubwa kuliko uongo uliomo kwenye cheti. Nilikuwa ningali naizungusha fomu ile kichwani pale usingizi uliponikamata, usoni pa watu wote wanaopita njiani.

Nikajiona nimesimama katika soko la mitumba lisilo na mwisho. Kamba zilivutwa kutoka upeo hadi upeo, na juu yake yalining'inia makoti, maelfu kwa maelfu, kila moja likiwa na jina lililoshonwa kwenye ukosi. Nikasoma: Umri. Dharura ya Kifamilia. Kupunguzwa kwa Jeshi. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba nguo zile ni sababu, na kwamba watu waliojazana pale, wengine na mikongojo yao, wamekuja kubadilisha zile walizovalishwa zamani. Nikajitazama nilichovaa. Lilikuwa blanketi chakavu lenye jina Usingizi, na mshono wake ulikuwa wa mkono wangu mwenyewe, maana nilikuwa nashona vibaya tangu nikiwa kuruta na hakuna wa kunifananisha naye.

Akanijia mfanyabiashara mnene, ana futi ya ushonaji shingoni na sauti inayoteleza. “Karibu baba, karibu. Naitwa Unafuu. Sijawahi kumwacha mzee akitoka hapa amenuna.” Nyuma yake alisimama msaidizi wake, Bi Aibu, mwembamba, ameshika kioo kisichoonyesha uso wa mtu ila mgongo wake tu, pale watu wanapochekea. Nilipoutazama mgongo wangu katika kioo kile nilitamani ardhi inimeze. Unafuu akanivua blanketi upesi akanivika koti safi, la kijivu, lenye jina Afya. Lilinikaa vizuri, sitaficha. Wapita njia wakaanza kuniamkia kwa heshima, mmoja akasema, “Shikamoo shujaa,” na moyo wangu ukalainika kama wa mtoto. Ila nilipojaribu kuinua mkono wa kulia, mkono wa koti ulinibana kwapani, na vidole vyangu havikufika mdomoni. “Hapa pananibana,” nikasema. “Pananibana mahali pa kushikia buruji.” Unafuu akanipapasa bega. “Baba, buruji ya nini tena? Wewe sasa kazi yako ni kuamkiwa.” Bi Aibu akainua kioo chake tena, nami nusura nilipe niondoke na koti lile.

Pembeni ya soko aliketi mwanamke mmoja kwenye cherehani ya miguu, hashoni bali anafumua. Alinitazama juu ya miwani akaniita Kitundu tu, kama jeshini, namna ambayo sijaitwa tangu nirudi uraiani. “Mimi ni Kumbukumbu,” alisema. “Koti hilo linakupendeza, na hapo ndipo penye hatari. Mtu akivaa kisichomkaa kabisa hukumbuka kukivua. Lakini kinachompendeza huzikwa nacho. Acha niliwekee pini hapa, usilinunue wala usilitupe, twende kwanza nikakuonyeshe kitambaa ulikokatwa wewe.” Akakunja miwani, akanishika mkono, tukashika njia inayoteremka.

Jamani, ile njia. Kila hatua ilikuwa na harufu yake. Turubai lililolowa. Mafuta ya kusafishia bunduki. Chai ya rangi katika vikombe vya bati, ikiwa na ladha ya moshi na ya kikombe chenyewe. Nikasikia buti mia mbili zikikanyaga udongo mwekundu, na wimbo wa mchakamchaka ambao maneno yake siwezi kuyaweka hapa mbele ya watoto. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Tulitembea siku tisa mfululizo, tukilala kwa vipande vipande, tukigawana sigara moja watu sita, na nisamehewe, lakini sijawahi kupendwa na kundi la watu namna ile kabla wala baada. Kila niliposimama Kumbukumbu alisubiri, na nilipojifuta macho akatazama kando.

Tukafika kwenye shule iliyohamwa, katikati ya mashamba ya kahawa, alfajiri, saa kumi na moja kamili. Nilipajua. Uwanja mzima walikuwa wamelala, kila mtu alivyoanguka jana yake. Sajini Hyera, mkubwa wetu, Mngoni wa Songea, alikuwa na buti moja mguuni na nyingine mkononi, usingizi ulimkuta anavua. Kapteni alikoroma chini ya ubao uliokuwa bado na hesabu za darasa la nne. Na Koplo Mahimbo, ambaye alipokea barua kwamba mkewe amejifungua mtoto wa kike aitwaye Tabu, na hajamwona, alikuwa anaita usingizini, “Tabu, Tabu,” kisha anacheka taratibu. Nilikuwa na amri ya kupiga buruji saa ile ile. Nikaiona mikono yangu ya ujana ikiipeleka mdomoni, nikaona inashuka. Ikapanda tena, ikashuka. Nikakaa kwenye ngazi ya darasa, buruji magotini, nikawalinda mpaka jua likatoka, saa moja na nusu.

Kumbukumbu hakuniacha niishie hapo. Akanionyesha Kapteni anavyoamka na jua usoni, anavyotukana, kombania nyingine ilivyotusubiri darajani mpaka mkubwa wao akachafukwa. Hakuna aliyedhurika kwa kuchelewa kule, lakini amri ya vitani ni amri. Akanionyesha Sajini Hyera ananivuta nyuma ya choo cha shule. “Mdogo wangu, nisikilize vizuri. Sema ulilala. Kulala ni kosa la mwili, kukaidi ni kosa la moyo. Mwili wataufukuza urudi kwenu. Moyo wataufunga.” Alinipenda, ndiyo maana alisema vile. Nikasema nililala, nikatia sahihi.

Katika varanda ya shule walikuwapo watu wawili ambao siku ile sikuwaona. Mmoja alisimama wima, amenyoosha magwanda kwa pasi, uso mgumu usio na chuki. Mwingine, mwanamke, aliketi sakafuni, amekipakata kichwa cha Mahimbo. “Hawa ni ndugu wa tumbo moja,” Kumbukumbu alisema. “Huyu ni Utii na huyu ni Huruma. Siku nyingi huenda pamoja. Asubuhi hii ulilazimika kumchagua mmoja.”

Utii ndiye aliyeanza. “Kitundu, mimi si adui yako. Mimi ndiye niliyewafikisha wenzako hapa wakiwa hai, siku tisa. Ulinivunja, na kuna siku ambayo kunivunja hivyo kungewaua. Hujawahi kuniomba radhi.”

“Nilisema nililala, Afande,” nikajibu.

“Ndiyo. Kwa hiyo hukuniomba. Aliyelala hana la kuombea radhi.”

Nikainamisha kichwa. Nikamwambia nimekosa, na neno lenyewe lilitoka zito maana lilikaa sana. Akaniuliza kama leo, amri ikiwa ile ile na watu wakiwa wale wale, ningepiga. Nikawatazama. Nikamtazama Mahimbo. “Nisingepiga, Afande.”

“Nimekuelewa,” alisema Utii. “Sema hivyo basi, kwa sauti yako, na ubebe adhabu yake. Nitaweza kuishi na mtu wa namna hiyo.”

Ndipo Huruma akainua uso. Nilitegemea anishukuru, maana nilijiona nimemtumikia. Sauti yake ilikuwa ya chini. “Mimi nilikujia mara moja ukiwa kijana, ukanifungulia. Kisha wakakuuliza ni nani aliyekuwa nawe, ukasema hapakuwa na mtu, ulikuwa usingizi tu. Ukanifunika blanketi na kulishona kwa mkono wako. Wamekucheka miaka yote hii, nawe ukaumia kwa kicheko. Mimi sikuchekwa, Kitundu. Mimi sikutajwa. Na sasa umekuja kunibadilishia jina niitwe ugonjwa.” Nililia kwa sauti, mbele ya Utii na magwanda yake.

Utii akanyoosha kidole kwenye buruji. “Piga sasa.” Nikalivua lile koti la kijivu, nikainua mkono ukafika. Nikapiga ile sauti ya alfajiri, yote, bila kukosea. Wakaanza kuamka mmoja mmoja, wakijinyoosha, wakitukana kama ilivyo desturi, Sajini Hyera akitafuta buti yake mkononi mwake mwenyewe. Wengine hawakuamka. Nilipowahesabu walikuwa kumi na wanne, wale tuliowapoteza juma lililofuata kwenye kivuko cha mto, na Mahimbo alikuwa mmoja wao. Nikapiga mara ya pili. Huruma akanifanyia ishara niache.

Nikazinduka. Jua lilikuwa limeshuka, na miguu yangu ilikuwa imefunikwa kanga. Mama Kingu alikuwa ameketi kando yangu anapukuchua mahindi polepole ili yasigonge sana sinia, na fimbo iko pajani ya kuwafukuzia kuku. Nikamuuliza kama Leonsi amekuja.

“Alikuja. Nikamwambia arudi zake.”

“Kwa nini hukuniamsha, na ulijua fomu ni ya kesho?”

“Ulikuwa umechoka, Baba Kingu. Nikakuonea huruma. Au ni kosa?”

Nikaanza kucheka na machozi yanatoka, mpaka akanigusa kipaji cha uso kuona kama nina homa. Nilielewa hapo nilichoonyeshwa. Nilikuwa nimekwenda mjini kujifutia aibu, kumbe aibu haikuwa pale ilipoandikwa. Nilijaliwa jambo jema moja maishani, nikalikana ili nisifungwe, na nilikuwa karibu kulikana mara ya pili ili niandikwe ukutani. Nikamwomba aweke mahindi chini, nikamsimulia yote, kuanzia siku tisa hadi sahihi. Nilimwambia pia kwamba nikiiandika kweli, huenda ombi likatupwa na jina langu likakosa ukuta mpaka nife, tena safari hii kwa sababu ya ukaidi.

Aliligeuzageuza mkononi bunzi lisilo na punje. Nilidhani amekasirika kwa kufichwa miaka yote ile, na haki angekuwa nayo.

“Huyo aliyekuwa anamwita mtoto,” aliuliza, “alirudi kwao?”

“Hakurudi.”

“Na asubuhi hiyo alilala mpaka jua likatoka?”

“Mpaka jua likatoka.”

Akainuka, akajikung'uta makapi, akaingia ndani. Akarudi na fomu na kalamu.

“Andika,” alisema.